Kitambulisho cha Aina na Namba ya Makao: Namna Kiini cha Kompyuta Kinavyojua Kifaa Kipi Kinaomba Kumbukumbu

0. Utangulizi

Makala haya yanahusu neno moja linalobebeshwa mizigo miwili. Neno lenyewe ni kitambulisho, na uwanja tunaolichunguzia ni kiini cha mfumo endeshi, yaani programu ya ndani kabisa inayotawala kompyuta na kuzigawia programu nyingine kumbukumbu, muda na ruhusa. Katika vitabu vya ufundi huo msomaji hukuta mara kwa mara usemi "kitambulisho cha kifaa". Katika kitabu kimoja usemi huo humaanisha aina ya kifaa: nani alikiunda, na ni cha namna gani. Katika kitabu cha pili humaanisha mahali kifaa kilipochomekwa. Hati za PCI, ambayo ndiyo kanuni inayounganisha vifaa vingi vya kompyuta tangu 1992, huutumia kwa maana ya kwanza. Hati za kampuni ya AMD zinazoeleza ulinzi wa kumbukumbu dhidi ya vifaa huutumia kwa maana ya pili. Anayefasiri au kufundisha kwa Kiswahili bila kutenganisha maana hizo humwachia mwanafunzi mlango wazi katika nyumba aliyoambiwa kwamba imefungwa, kwa sababu moja kati ya majina hayo mawili hulinda kumbukumbu, na lingine halilindi.

Msomaji hahitaji kuwa mwanaprogramu ili atufuate. Inatosha ajue kwamba kumbukumbu ni safu ndefu ya visanduku vidogo, kila kimoja kikishika baiti moja, na kwamba kila kisanduku kina anwani yake, ambayo ni namba tu.

1. Kwa nini kifaa huomba kumbukumbu

Tuchukue kadi ya mtandao, kile kipande cha elektroniki kinachochomekewa waya wa kuiunganisha kompyuta na wenzake. Ujumbe ukifika kutoka nje, hauna budi kuwekwa mahali fulani katika kumbukumbu ili programu zipate kuusoma. Njia ya kikale ni kukitwisha kichakataji kazi hiyo: kichukue kipande kimoja kutoka kwenye kadi, kikiweke kwenye kumbukumbu, kirudi kuchukua kingine, mithili ya mpagazi mmoja anayehamisha shehena nzima kwa kichwa chake. Vifaa vingi vya leo havifanyi hivyo. Kadi yenyewe hupewa anwani, nayo huandika moja kwa moja kwenye kumbukumbu bila kupitia kichakataji. Kazi ikiisha hupiga ishara tu. Ufundi huu ni ufikiaji wa moja kwa moja wa kumbukumbu, nao hujulikana duniani kote kwa herufi tatu, DMA.

Faida yake ni dhahiri, na hatari yake vilevile. Programu ya kawaida ikijaribu kuandika mahali pasipo pake, kichakataji huizuia, kwa kuwa kila anwani inayotajwa na programu hupitishwa kwanza katika majedwali ya kurasa yanayotunzwa na kiini. Kadi haipiti hapo. Ikipewa anwani isiyo sahihi, iwe kwa kosa la mwandishi wa programu au kwa ubovu wa kadi yenyewe, itaandika juu ya chochote itakachokikuta: barua ya mtumiaji, neno lake la siri, hata maagizo ya kiini chenyewe.

Anayesimama kati ya kiini na kadi ni kiendeshi, programu ndogo iliyoandikwa kwa ajili ya kifaa cha aina moja au za karibu. Katika Linux, mfumo ambao kiini chake huweza kusomwa na mtu yeyote na ambao kwa hiyo tunautumia hapa kama mfano, kiendeshi kinachotaka kumbukumbu kwa ajili ya kifaa hutumia maagizo maalumu. Mashuhuri kati ya hayo ni lile linaloandikwa dma_alloc_coherent. Tazama mpangilio wake: jambo la kwanza linalotajwa ndani yake ni kifaa kinachoombewa; ukubwa wa eneo hufuata baadaye. Mpangilio huo una sababu. Kiini hakiwezi kutoa eneo mpaka kijue litakuwa la nani, maana eneo linaloifaa kadi moja huenda lisifikike kabisa kwa kadi nyingine. Tena jibu linalorudishwa ni anwani mbili za eneo lilelile: moja ya kutumiwa na kichakataji, nyingine ya kukabidhiwa kifaa. Wanafunzi hupenda kudhani kwamba anwani hizo ni sawa. Kiendeshi kinachozichanganya huweza kufanya kazi vizuri kwenye meza ya aliyekiandika, kisha kikaharibu kumbukumbu kwenye mashine ya mtu mwingine.

Iliwahi kuwapo njia ya kuomba bila kutaja kifaa chochote. Katika kompyuta za ukoo wa x86, Linux ya zamani ilimchukua mwombaji asiye na jina kuwa ni kifaa cha kizamani kabisa, chenye uwezo wa kutaja anwani za biti 24 tu, na hivyo ikamgawia kipande cha MB 16 za mwanzo, ambacho ni kidogo na hugombaniwa. Ruhusa hiyo imekwisha kuondolewa.

2. Kitambulisho cha aina

Kila kifaa cha PCI huzaliwa na daftari dogo ndani yake. Katika PCI ya awali daftari hilo ni la baiti 256. Katika PCI Express, iliyoanza kutumika miaka ya 2000, ni la baiti 4,096. Kompyuta inapowashwa, kiini, au programu inayokitangulia, huyapitia matundu yote na kusoma mwanzo wa kila daftari. Baiti 2 za kwanza hutaja muundaji, na baiti 2 zinazofuata hutaja kifaa miongoni mwa vifaa vya muundaji huyo. Pasipo na kifaa, msomaji hupata FFFF, yaani biti zote zikiwa 1, na hiyo ndiyo sababu hakuna muundaji anayeweza kupewa namba hiyo.

Namba hizi huandikwa kwa hesabu ya msingi wa 16, ambamo herufi A hadi F husaidia tarakimu. Namba za waundaji hutolewa na chama cha kampuni kiitwacho PCI-SIG. Intel ilipata 8086, ambayo ndiyo jina la kichakataji chake cha 1978 kilichoanzisha ukoo wa x86. AMD ina 1022, NVIDIA 10DE, Realtek 10EC. Namba ya pili huchaguliwa na muundaji mwenyewe apendavyo. Realtek iliipa kadi yake mashuhuri ya mtandao namba 8139, sawa na jina la biashara la kadi hiyo. Intel haikufanya hivyo, na kadi yake ya 82540EM inaitwa 100E. Kwa hiyo jina kamili la kadi hiyo ni 8086:100E. Jina hili linaonekana mara nyingi kuliko kadi zenyewe, kwa sababu programu ya QEMU, inayoiga kompyuta nzima ndani ya kompyuta nyingine, huiga pia kadi hiyo na kuipa kitambulisho kilekile. Tayari tunaona kwamba kitambulisho cha aina huweza kuvaliwa na kisichokuwa chenyewe.

Kiendeshi hubeba orodha ya vitambulisho ambavyo kinajua kuvihudumia. Kiini hulinganisha orodha hizo na madaftari kiliyoyasoma, na panapolingana hukiita kiendeshi kije kukikagua kifaa. Kila mstari wa orodha huweza kuongeza namba mbili nyingine za ubao ambao kipande kimefungwa juu yake, kwa kuwa kipande kimoja cha muundaji mmoja huweza kuuzwa ndani ya bao za makampuni mengi. Huweza pia kubeba neno la siri kati ya kiendeshi na nafsi yake: namba inayokiambia kwamba vifaa vya mstari huu vina kasoro fulani au uwezo fulani. Aliyenunua kompyuta kuukuu na asijue ni kiendeshi kipi kitakachoifaa kadi yake, na aandike lspci -nn katika Linux. Ataonyeshwa majina hayo kati ya mabano, na hayo ndiyo ya kutafuta, si maandishi yaliyochapwa juu ya boksi.

Ndani ya daftari mna pia nafasi 6 ambazo kifaa hutumia kuomba anwani kwa ajili ya vyumba vyake vya ndani, ili kichakataji kipate kuzungumza nacho. Namna ya kuuliza ukubwa wa vyumba hivyo ni ya ajabu kidogo na inapendeza kuielewa. Kiini huandika 1 katika biti zote za nafasi, kisha husoma kilichobaki. Kifaa hukataa kubadili biti ambazo hakizihitaji. Zile hubaki 0. Tukisoma FFFE0000, tukiacha kando biti 4 za chini ambazo ni alama, tunajua kwamba biti 17 za chini zilikataa, na kwa hiyo kifaa kinataka KB 128. Hivyo ukubwa haukuandikwa popote. Unajulikana kwa kile ambacho kifaa kinakataa kukipokea. Nafasi ikiwa ya anwani za biti 64 humeza nafasi mbili kati ya zile 6.

3. Kutoka aina hadi uwezo

Kazi ya kwanza ya kitambulisho cha aina katika mambo ya kumbukumbu ni kumjulisha mwandishi wa kiendeshi uwezo wa kifaa. Kifaa chenye nyaya za anwani za biti 32 hakiwezi kutaja kisanduku kilicho ng'ambo ya GB 4, hata kompyuta iwe na GB 64. Kwa hiyo kiendeshi hutangaza mbele ya kiini: kifaa hiki kinafika biti kadhaa. Kiini hulihifadhi tangazo hilo, na tangu hapo kila ombi hujibiwa ndani ya mpaka huo.

Lakini uwezo ulioandikwa katika hati ya muundaji si lazima uwe uwezo wa kweli. Kiendeshi cha Linux kiitwacho e1000, kinachohudumia ukoo ule wa 82540EM, kina maelezo yanayostahili kusomwa na kila mwanafunzi. Kinakubali anwani za biti 64 kwa kadi zilizochomekwa katika njia ya PCI-X peke yake. Nyingine zote huzuiwa kwenye biti 32. Sababu iliyoandikwa ni kwamba baadhi ya kadi za biti 32 hukwama zinapotuma ujumbe zikipewa anwani za biti 64. Hazikatai wala hazilalamiki, zinanyamaza tu. Bila jina la kuzitambua, mwandishi asingekuwa na njia ya kuwahurumia wenye kadi hizo bila kuwaadhibu wenye nyingine.

Itokeapo kwamba habari inayopaswa kutumwa iko juu, ng'ambo ya mpaka wa kifaa, Linux huinakili kwanza katika eneo la chini lililotengwa tangu kuwashwa kwa mashine, ambalo kwa kawaida ni la MB 64, ndipo kifaa kikaisome hapo. Kazi inafanyika mara mbili, na mashine inapungua mwendo. Wengi huilaumu kadi, au mtandao, kumbe ni mpaka huu.

4. Namba ya makao

Mpaka hapa kiini kimemwamini kila mtu. Kimekipa kifaa anwani nzuri, na kimetumaini kwamba kifaa kitabaki hapo. Katika kompyuta nyingi za leo matumaini hayo yamewekewa bawabu: kitengo cha elektroniki kinachosimama kati ya vifaa na kumbukumbu, kinachoitwa kwa kifupi IOMMU. Kila kifaa kinapotaja anwani, bawabu huitafuta katika majedwali ya kurasa ya kifaa hicho, kama kichakataji kinavyofanya kwa programu. Akiiona, huigeuza kuwa anwani halisi na kuipitisha. Asipoiona, hukataa na kuandika tukio hilo.

Swali ni hili: bawabu anajuaje ni kifaa gani kinachobisha hodi? Jibu la haraka la mwanafunzi ni kwamba husoma 8086:100E. Sivyo kabisa. Kompyuta moja huweza kuwa na kadi 4 zenye kitambulisho hichohicho, na kila moja inastahili majedwali yake. Jina ambalo bawabu hulitumia ni la mahali: biti 8 za namba ya njia, biti 5 za tundu katika njia hiyo, na biti 3 za kazi, kwa kuwa kifaa kimoja huweza kufanya kazi mpaka 8 zilizotengana. Jumla ni biti 16, yaani makao 65,536. Linux huyaandika kwa mfano wa 03:00.1, maana yake njia ya 3, tundu la 0, kazi ya 1. Sisi tunaiita namba ya makao.

Msomaji wa Katanga atakumbuka kambi za wafanyakazi wa machimbo. Namba ya kazi ilimfuata mtu popote alipohamishiwa. Namba ya nyumba ilibaki kwenye nyumba, na aliyeingia baadaye aliikuta palepale. Ndivyo ilivyo kwa kadi. Ukiichomoa na kuichomeka katika tundu jingine, kitambulisho cha aina hakibadiliki hata kwa biti moja, lakini namba ya makao inakuwa nyingine, na kiini hakina budi kuandika upya majedwali yote kinapowashwa.

Katika PCI Express kila ombi linalotoka kwenye kifaa huchapwa namba ya makao ya mwombaji. Kifaa hakikuzaliwa nayo: huijua namba yake ya njia kwa kuisikia katika maandishi yanayoletwa kwenye daftari lake, na tangu hapo huichapa juu ya kila ombi. Bawabu wa Intel hulipasua jina hilo vipande viwili: kwa namba ya njia huingia katika jedwali la mistari 256, na mstari aliouona humpeleka kwenye jedwali jingine la mistari 256 linalochaguliwa kwa tundu na kazi. Bawabu wa AMD ana jedwali moja refu lenye mstari wa baiti 32 kwa kila makao, ambalo likijaa huchukua MB 2. Ni katika hati za jedwali hili ndimo namba ya makao inapoitwa kitambulisho cha kifaa, neno lilelile ambalo PCI ililitumia kwa aina. Kwa vyovyote vile, hakuna hatua hata moja ambapo bawabu anauliza aina.

5. Makao yasiyo ya kweli

Kwa kuwa ombi huchapwa na kifaa chenyewe, ulinzi wote unategemea kwamba kifaa kinataja makao yake kwa usahihi. Hutokea kisifanye hivyo.

Mfano unaofundisha zaidi ni wa baadhi ya vipande vya kampuni ya Marvell vinavyotawala diski, kama vile 1B4B:9123. Vipande hivyo, katika daftari, hujionyesha kuwa na kazi ya 0. Walakini vinapoifikia kumbukumbu, baadhi ya maombi yao huchapwa kazi ya 1. Katika mashine isiyo na bawabu hakuna aliyegundua, kwa kuwa hakuna aliyesoma chapa. Mabawabu walipoanza kutumika, diski zikakataa kusomeka. Kiini kiliandika katika taarifa zake kwamba kifaa cha 03:00.1, tuseme, kimekataliwa; na mwenye mashine akitafuta 03:00.1 katika orodha hakioni, kwa sababu kwa kweli hakipo. Wengi waliamua kumfukuza bawabu kwa kuandika intel_iommu=off wakati wa kuwasha mashine. Diski zilisomeka, na mlango wa kumbukumbu ukabaki wazi kwa vifaa vyote, si kwa kile kimoja tu.

Dawa iliyoingizwa katika Linux mwaka 2014 ni ya busara. Kiini hukitambua kipande hicho kwa kitambulisho chake cha aina, kisha hukiandikia majedwali ya kurasa chini ya makao mawili, yale ya kweli na yale ya kubuni. Kuna vipande vya Ricoh vyenye kasoro iliyo kinyume: kazi zisizo za 0 huomba kwa jina la kazi ya 0, navyo vinatendewa kwa njia hiyohiyo. Hapa majina mawili yanasaidiana: la aina humweleza msomaji namna ya kulifahamu la mahali. Aliyefundishwa kwamba kitambulisho ni kimoja asingeweza hata kuuliza swali lililoleta dawa hiyo.

Vifaa vya PCI ya zamani vilivyo nyuma ya daraja la PCI Express huleta tatizo jingine: vyenyewe havichapi chochote, na daraja huomba kwa niaba yao wote kwa jina moja. Bawabu hawezi kuwatenganisha. Linux huviweka katika kundi moja, na haitaikabidhi mashine ya kuigizwa kifaa kimoja cha kundi huku kingine kikibaki mikononi mwa mwenyeji.

Upo pia upande wa pili, makao bila aina. Kadi kubwa za mtandao huweza kujigawa kuwa kadi ndogo nyingi za kuigizwa, kila moja ikipewa mashine yake. Kila kadi ndogo ina namba yake ya makao na majedwali yake kwa bawabu. Lakini ukisoma daftari lake mahali pa muundaji na kifaa, unapata FFFF, kana kwamba hapana kitu. Aina yake huandikwa katika daftari la kadi mama. Tusingeweza kutamani ushahidi bora zaidi wa kwamba majina haya mawili ni mambo mawili: hapa kuna kifaa kinacholindwa na kutumika, chenye moja na kisicho na jingine katika ukurasa wake wa kwanza.

Hayo yote ni makosa au mipangilio. Udanganyifu wa makusudi ulichunguzwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge, Chuo Kikuu cha Rice na taasisi ya SRI International, ambao mwaka 2019 walitangaza kazi waliyoiita Thunderclap. Waliunda kifaa kinachojifanya kadi ya mtandao ya Intel, kwa kutumia mwigo kutoka programu ya QEMU tuliyoizungumzia. Kiini kilisoma kitambulisho cha aina, kikaridhika, kikaita kiendeshi halali, na kiendeshi kikamfungulia mgeni kurasa za kumbukumbu kama anavyofunguliwa kadi ya kweli. Yaliyokuwa katika kurasa hizo, pamoja na mengine yaliyowekwa karibu bila uangalifu, yakawa mikononi mwake. Katika Linux walionyesha jambo zito zaidi. PCI Express huruhusu baadhi ya vifaa kusema: anwani hii imekwisha kugeuzwa, usiikague tena. Bawabu aliyafuata maneno hayo. Tangu toleo la 5.0 la mwaka huohuo, Linux huwanyima ruhusa hiyo vifaa vinavyochomekwa kutoka nje, na huwawekea bawabu wale wanaoingia kwa mlango wa Thunderbolt.

6. Juu ya istilahi

Tumetumia kitambulisho cha aina kwa jina la kwanza. Neno kitambulisho, kutokana na kutambulisha, lina wazo la kitu ambacho mwenyewe hukibeba ili wengine wamjue, na daftari la PCI ni kitu cha namna hiyo hasa. Linabebwa, linaonyeshwa, na kama karatasi zote za kubebwa, laweza kughushiwa. Kwa jina la pili tumekataa anwani, ingawa wengi wangelitaka. Anwani limekwisha kumilikiwa na visanduku vya kumbukumbu, na sentensi inayosema kwamba bawabu huitafuta anwani kwa kutumia anwani haitamsaidia mtu. Makao linatosha: ni mahali mtu anapokutwa, wala halisemi lolote juu ya asili yake.

Hati za PCI Express zenyewe huliita jina hilo kitambulisho cha mwombaji. Wazo ni zuri, ila sarufi yetu inadai uangalifu. Mwombaji ni wa ngeli ya watu, nasi tayari tunasema kiendeshi na kichakataji kwa ngeli ya vitu; ulinganifu ungetaka kiombaji. Bawabu tumemwacha awe mtu kwa makusudi, kwa kuwa yeye peke yake katika habari hii ana mamlaka ya kukataa, na tunaona msomaji hukumbuka zaidi mtu kuliko kitengo. Wenzetu watakaoona kwamba tumejiruhusu mno wana haki ya kupendekeza neno jingine.

Mafundi wa mashine za ARM, ambazo zimo katika simu karibu zote, hawakupata msukosuko huu kwa kiasi hicho. Vifaa vingi vilivyomo ndani ya vipande hivyo havina daftari la kujieleza. Badala yake kiini hukabidhiwa maandishi yanayoeleza mashine nzima kama mti wenye matawi, na kila kifaa kina mistari yake. Mstari wa compatible hutaja aina kwa maneno, jina la muundaji likitangulia na la kifaa likifuata baada ya mkato. Mstari wa iommus hutaja bawabu anayehusika na namba ambayo maombi ya kifaa hicho yatachapwa. Mtu anaweza kubadili mstari mmoja bila kuugusa mwingine. Kosa la kuuandika wa kwanza huleta kiendeshi kisichofaa, na mara nyingi kifaa hakiamki. Kosa la kuuandika wa pili halionekani mpaka kifaa kitakapoomba kumbukumbu kwa mara ya kwanza, na hapo taarifa ya bawabu itataja namba, si jina la kifaa. Fundi aliyezoea kutafuta majina hurudi kwenye mstari wa compatible, akaukuta hauna kosa, akaanza upya.